Bunduki Iliyosuguliwa

Hivi wewe, umewahi kumfanyia mtu jambo kwa mapenzi, kwa mikono yako miwili, mpaka kucha zikakatika, halafu ukagundua kwamba umemharibia? Si kwa hasira, si kwa kijicho. Kwa mapenzi. Kama hujawahi, basi sikiliza habari ya Evarista. Kama umewahi, sogeza kiti.

Evarista alikuwa Mluguru wa Morogoro, lakini miaka thelathini na kitu alikuwa akiishi Johannesburg na mumewe, Zolile, sasa katika nyumba ya matofali mekundu kule Observatory, pale barabara inapoanza kupanda mlima na magari yanabadilisha gia. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu, paa la bati lililopakwa rangi ya kijani, na jiko lenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Jikoni humo zilining'inia sufuria zake tisa, kuanzia ile ya pilau mpaka kale kadogo ka kuchemshia maziwa, na zote ziling'aa ndani na nje, mpaka kwenye masikio. Rafiki yake mmoja tu, Biubwa, Mzanzibari mwenye cherehani sokoni Yeoville, kila akiingia jikoni mle alikuwa akivaa miwani ya jua.

"Shoga, utanipofua! Mwanamke gani unasugua sufuria hivi, unamngojea Rais?"

"Sufuria chafu ni aibu ya mwenye nyumba," Evarista alikuwa akijibu.

Ndivyo alivyolelewa. Kwao mgeni akija, au kitu kikipelekwa mbele ya wakubwa, kwanza kinasuguliwa. Majivu, mchanga wa mtoni, ndimu, na nguvu za mkono. Johannesburg majivu hakuna, kwa hiyo alitumia stilwaya na magadi, lakini mkono ulikuwa ule ule.

Mumewe, Zolile, alikuwa na miaka sabini na tatu, seremala aliyestaafu. Ujana wake aliumalizia Morogoro, enzi zile Waafrika Kusini walipokuwa uhamishoni kwa ajili ya siasa. Wenzake wengi walijifunza vita. Yeye alipelekwa karakana, akawekwa chini ya fundi mmoja wa Kiluguru, mzee mkali asiyejua Kiingereza, ndiye aliyemfundisha kushika randa. Basi ufundi wake wote aliujua kwa Kiswahili. Tupa, patasi, msasa, gundi, vyote hivyo hakuwahi kuvijua kwa Kixhosa cha mama yake.

Zolile alikuwa na bunduki. Usishtuke, ilikuwa ya halali, yenye leseni. Ilikuwa bunduki ndogo ya zamani, yenye miaka zaidi ya themanini, ile inayokokwa kwa mkono wa chuma ulio chini, penye kifyatulio. Unausukuma mkono mbele, unaurudisha, risasi inapanda yenyewe. Risasi zake ni nyembamba kama penseli, na pini haipigi katikati ya kitako cha risasi kama bunduki nyingine, inapiga ukingoni. Baba yake Zolile alikuwa kibarua kwenye shamba la Mzungu huko Eastern Cape, akaisafisha bunduki kama hiyo ya bwana wake miaka ishirini, wala hakuruhusiwa hata siku moja kulenga kopo. Zolile alipoiona nyingine kwa mzee mmoja wa Kensington aliyekuwa anauza vitu vya nyumba, hakulala. Aliinunua ikiwa imejaa kutu, kitako kimepasuka, mkono wake haurudi.

Akaanza kuitengeneza. Ilikuwa kazi ya Jumapili, baada ya kanisa, na ilimchukua miaka.

*

Kila Jumapili mchana Zolile aliingia chumba cha nyuma, akatandika blanketi kuukuu juu ya meza, akafungua sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti nne, akaitoa. Kisha akauegesha mlango. Sheria, alisema. Bunduki anaishika mwenye leseni peke yake, na ufunguo ni wake peke yake.

Nje ya mlango huo, kwenye korido, kulikuwa na kiti cha mbao. Evarista alikuwa akikaa hapo na sinia ya mchele mapajani, akichambua. Mchele wa Johannesburg unatoka kwenye pakiti, hauna jiwe hata moja. Alichambua hivyo hivyo.

Alikuwa anasikiliza. Maana Zolile alipofanya kazi alizungumza, na alizungumza Kiswahili, kile cha karakana ya Morogoro, bila yeye mwenyewe kujua.

"Taratibu, mama. Taratibu. Geuka kidogo. Hapo hapo. Pole, nimekuumiza? Pole sana."

Kutu aliitoa kwa sarafu ya shaba, senti tano ya zamani, na tone moja la mafuta ya cherehani. Shaba ni laini kuliko chuma, inang'oa kutu bila kuacha mkwaruzo. Alikaa saa nzima kwenye eneo la ukubwa wa kidole gumba. Ule ukahawia wa uzee hakuugusa. "Huo ni umri wako," alikuwa akiiambia. "Mimi nani nimvue mtu umri wake?" Kitako alikiunga kwa gundi na kijiti cha mti wa mnazi—la, si mnazi, wa mwalnuti, mbao ngumu ya Kizungu, alikipata kwenye mguu wa kitanda kilichotupwa. Springi ya ndani alinunua kwa Naseeb, muuza silaha wa Fordsburg, aliyeitafuta miezi minane.

Evarista akichungulia kwenye upenyo wa mlango alikuwa akitikisa kichwa. Mwanaume huyu hajui kusugua, alijisemea. Sarafu! Miaka mitatu ya sarafu!

Lakini hakuinuka kwenye kiti. Masaa yale mawili ya Jumapili ndiyo peke yake Kiswahili kilipokuwa kinasikika ndani ya nyumba ile.

Maana yeye Zolile alimsemesha Kiingereza. "Tea, Ma." "Thank you, Ma." "Where's my jersey?" Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 2008 walikuwa wakikaa Alexandra, kwa dada yake Zolile, na mwezi wa Mei watu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta wageni, wakiwauliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na asiyejua akakiona cha moto. Evarista alikaa siku nne nyuma ya godoro lililosimamishwa ukutani. Walipohamia Observatory, Zolile alimwambia aache Kiswahili. Barabarani, dukani, kwenye teksi, na ndani pia, kwa kuwa ulimi uliozoea ndani utateleza nje. Alimwambia akiwa analia. Naye akatii. Hofu ikapungua mwaka hadi mwaka, lakini hakuna aliyekumbuka kuiondoa ile amri, ikabaki ndani ya nyumba kama kabati ambalo watu wamezoea kulizunguka. Binti yao, Lerato, alizaliwa Morogoro na alikielewa Kiswahili vizuri, lakini akijibu, anajibu Kiingereza, na sasa ana nyumba yake Midrand.

Basi nikikwambia kwamba Evarista alikuwa na wivu na bunduki, usicheke. Na nikikwambia kwamba aliiombea isiishe kutengenezwa, vilevile usicheke.

*

Mwaka huu leseni ilikuwa inakaribia kuisha muda wake. Polisi waliandika: Ijumaa saa nne, bunduki ipelekwe kituoni ikaguliwe, namba yake ilinganishwe na kadi. Isipopita, haibaki.

Na juma hilo hilo, Jumatatu, Zolile akafanyiwa upasuaji wa jicho. Mtoto wa jicho. Akarudi nyumbani na kifuniko cha plastiki jicho la kulia, na la kushoto nalo lilikuwa halijafika zamu yake, linaona kama kupitia maziwa. Daktari alimkataza kuinama, kunyanyua kitu, kupiga chafya kwa nguvu.

"Kupiga chafya nako kunakatazwa vipi?" aliuliza, na Lerato akacheka, na Evarista akacheka, na siku hiyo ilikuwa nzuri.

Jumanne Evarista alimsikia akiongea na Lerato kwenye simu, kwa Kiingereza. Alisema mvua za Januari zimeingia mpaka kwenye sanduku, kabla ya upasuaji aliiona bunduki ikianza kushika kutu tena. Alisema ataipeleka hivyo hivyo kwenye mfuko wake, afanyeje. "Nilitaka niende nayo ikiwa safi," alisema. "Basi tu. Macho sina."

Evarista alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

Jumatano asubuhi Lerato alikuja kumchukua baba yake kwenda kliniki. Gari lilipokata kona, Evarista alikwenda kwenye kabati la nguo, akatoa viatu vyeusi vya misiba vya Zolile, akaingiza mkono kwenye kiatu cha kushoto. Ufunguo ulikuwa hapo miaka yote. Nani alikuwa anapiga viatu vile rangi kama si yeye?

Kwanza alimpigia Biubwa.

"Wee Evarista, usiguse silaha," Biubwa alisema, cherehani ikinguruma nyuma yake. "Hiyo ni mali ya serikali hiyo, mumeo kaazimwa tu."

"Naiosha."

"Bunduki inaoshwa?"

"Inakwenda mbele ya polisi Ijumaa na kutu, kama mtoto hana mama."

"Haya. Iangalie isije ikakuosha wewe."

Alifungua sanduku, akaitoa bunduki kwenye mfuko wake, akaipeleka kwenye ngazi ya nyuma, juani. Haikuwa na risasi, risasi zilikaa sanduku jingine na hakuzitafuta. Kifyatulio hakukigusa. Aliiweka mapajani juu ya taulo, akakata ndimu mbili, akamimina magadi kwenye kisahani, akafunua stilwaya mpya.

"Umekaa na mume wangu Jumapili zote hizi," aliiambia kwa Kiswahili, sauti ya chini kwa sababu ya jirani, "hujawahi kuogeshwa hata mara moja."

Akasugua. Kutu ikatoka, na ule ukahawia ukatoka, na chini yake chuma kikaanza kuwa cheupe kama kijiko kipya. Stilwaya ilipolegea alichukua msasa wa Zolile mwenyewe, kwanza ule wa kukwaruza, kisha ule laini. Chini ya bunduki, nyuma ya ule mkono wa kukokea, palikuwa na uchafu mweusi wa mafuta yaliyoganda na vijikwaruzo hafifu kama kuku amechakura. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu kuliko pote. Alisugua mpaka bega likamuuma, mpaka pakawa laini kabisa ukipitisha kidole. Akamalizia na mafuta ya nazi.

Aliinyanyua juani. Aliuona uso wake humo, umevutwa mrefu, unatabasamu.

Akaifuta, akairudisha mfukoni, akafunga zipu, akafunga sanduku, akarudisha ufunguo kiatuni. Hakumwambia mtu. Ijumaa, pale zipu itakapofunguliwa mbele ya watu, ndipo Zolile ataona.

*

Ijumaa Lerato aliegesha gari mlangoni mwa kituo. "Mama, stay in the car. It's just a queue."

"Nakwenda," Evarista alisema. Alikuwa amevaa kitenge chake cha bluu chenye ndege, kile cha harusi.

Walisimama kwenye foleni saa moja na nusu. Mbele yao mwanamke aliyekuja na bastola ya marehemu kaka yake kwenye mfuko wa duka. Nyuma yao bwana mmoja mnene mwenye fulana ya kuwindia, yenye mifuko mingi, kila mara akitazama saa. Zolile alikuwa ameushika mfuko wake kwa mikono miwili, kifuniko cha plastiki kikimeta jichoni. Evarista alisimama ubavuni, akijizuia kucheka kama msichana aliyeficha zawadi.

Kaunta ilikuwa ya Sajini Nomsa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo wa shanga. "Njoo, mkhulu," alimwita, kama wanavyowaita wazee wa kiume pale, na bibi wakimwita gogo. "Na wewe gogo, sogea. Tuone mlichoniletea."

Zipu ikafunguka.

"Yho!" alisema yule bwana mnene.

Bunduki ilikuwa imelala kwenye kaunta, nyeupe pee, inaakisi taa za dari. Sajini alirudi nyuma kidogo. "Mkhulu, hapa imeandikwa ya zamani. Umenunua mpya?"

Zolile alishika ukingo wa kaunta. Aliinama, ingawa amekatazwa kuinama, akaleta lile jicho la maziwa karibu na chuma. Akanusa. Kisha akaweka vidole. Vilitembea polepole juu ya chuma, kama mtu anayepapasa uso gizani, vikashuka, vikapita chini nyuma ya ule mkono, vikafika mahali fulani vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikaenda tena. Evarista alikuwa bado anatabasamu. Akamwona mumewe akifumba jicho.

Sajini alichukua kadi, akaigeuza bunduki. Akawasha tochi. Akachukua kioo cha kukuzia. Akapitisha chaki, akaipuliza.

"Namba iko wapi?"

Akapitisha chaki tena.

"Mkhulu, namba iko wapi? Kadi inasema tarakimu sita. Hapa naona chuma kitupu kinang'aa kama kiti cha daktari wa meno."

Watu kwenye foleni wakacheka. Yule bwana mnene akanyoosha shingo. "Wameiosha kama sufuria ya Jumapili," alisema, na wengine wakacheka zaidi. "Nyie wenyewe sogeeni mnuse. Ina ndimu."

Evarista akapakumbuka pale alipokaa muda mrefu akisugua. Vijikwaruzo. Kuku amechakura.

Sajini hakucheka. Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Nisikilizeni. Bunduki iliyofutwa namba, kwangu hapa, ni bunduki ya jambazi. Sijali ni ya babu au ya nani. Kuwa nayo tu ni kosa. Nani kafanya kazi hii?"

"It is—" Evarista alianza.

"Nyamaza, Eva!"

Ilikuwa Kiswahili. Alisema bila kugeuka, mikono yake bado juu ya chuma, kwa sauti ambayo Evarista hakuwa ameisikia tangu wakiwa vijana.

"Usiseme neno. Ukisema umeigusa watakushika wewe kwa kuigusa, na mimi kwa kuacha ufunguo. Niliyesugua ni mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Lerato."

"Simama hapo hapo. Usilie."

"Silii."

"Unalia. Jifute."

Akajifuta kwa pembe ya kitenge. Nyuma yao yule bwana mnene akasema, "Oo, kumbe wa kuja hawa," na kuna mtu akaguna kumuunga mkono.

"Wewe ngoja zamu yako," Sajini Nomsa alimwambia. Kisha akamuuliza Zolile, "Hiyo lugha gani, mkhulu?"

Zolile alifikiri kidogo. "Ya kazini," akasema.

Aliomba ruhusa akampigia Naseeb wa Fordsburg, spika ya simu ikiwa wazi juu ya kaunta. Naseeb alishusha pumzi ndefu. Alisema namba ikigongwa kwenye chuma hukandamiza mpaka ndani, kwa hiyo inaweza kurudishwa kwa dawa. "Lakini mimi siruhusiwi, Mzee Zolile. Ni maabara ya polisi tu. Na watafungua jalada kwanza."

Sajini akaweka karatasi mbili. Hii ya kwanza ni ya jalada, alieleza. Bunduki itakwenda maabara, labda mwaka, labda miwili. Mpelelezi atakuja nyumbani kuona sanduku na ufunguo unakaa wapi, na atachukua maelezo. Hii ya pili ni ya kuisalimisha kwa hiari ikateketezwe. Akitia saini hii ya pili, yeye Sajini ataandika kwamba mwenyewe ameileta, kosa la mtu mzima asiyeona, na mambo yaishie hapa.

"Mpelelezi atachukua maelezo ya nani?"

"Ya kila anayekaa nyumba hiyo. Na gogo pia."

"Baba Lerato," Evarista alinong'ona kwa Kiswahili, "chukua ya kwanza. Nitasema ukweli. Wanifanye watakavyo."

"Nimekwambia simama."

Akaomba kalamu. Hakuuona mstari, ikabidi Sajini amwekee ukucha wake mrefu mwekundu kwenye karatasi: hapa, mkhulu, kutoka hapa mpaka hapa. Saini ilipanda ikatoka nje ya mstari. Sajini akafunga kikaratasi kwa uzi kwenye mtutu, akaisogeza bunduki upande wake. Alipoinyanyua ili kuipeleka stoo, kidole chake kikaenda kwenye kifyatulio.

"Tafadhali," Zolile alisema. "Usiifyatue tupu. Haina risasi, pini itapiga ukingo wa tundu la risasi, mdomo wake wenyewe. Inajing'ata."

"Mkhulu, hii inakwenda kukatwa vipande."

"Najua. Hata hivyo."

Sajini alimtazama. Kisha akaondoa kidole, akaibeba kwa mikono miwili.

*

Ndani ya gari Lerato aliuliza kwa Kiingereza imekuwaje. Aliwatazama kwenye kioo, mmoja dirisha hili, mwingine dirisha lile, akawasha redio, akaizima.

Nyumbani Zolile alisema, "Thank you, Ma," alipopewa chakula, na "I'm fine, Ma," alipoulizwa jicho. Hakufoka. Hakukunja uso. Alimsogezea hata chumvi. Evarista alilala Ijumaa ile na Jumamosi yake akingoja kugombezwa kama mtu anavyongoja mvua akiwa na mbegu mkononi. Biubwa alipopiga simu, hakupokea. Sufuria ya wali iliungua, akaiacha kwenye karo na masizi yake.

Jumapili walirudi kutoka kanisani. Zolile alivua koti, akaingia chumba cha nyuma, akauegesha mlango. Evarista alisikia kiti kikivutwa. Akachukua sinia, akamimina mchele, akakaa kwenye korido.

Alingoja. Ndani hapakuwa na sauti. Hakuna blanketi, hakuna chupa ya mafuta, hakuna taratibu mama. Alichambua mchele usio na jiwe, punje kwa punje, akifikiri kwamba ameifuta namba na amekifuta na Kiswahili, kwa ndimu zile zile mbili, na kwamba sasa watakaa hivi, mmoja huku mmoja kule, mpaka mmoja wao atolewe humo amebebwa.

Aliweka sinia chini. Akasukuma mlango.

Zolile alikuwa amekaa mbele ya meza tupu, mikono juu yake, viganja juu. Sanduku la chuma lilikuwa wazi nyuma yake, tupu.

"Ma?"

"Nigombeze," Evarista alisema.

"It's fine, Ma. It's just a thing."

"Sitaki fine. Nigombeze. Na usinigombeze kwa Kiingereza, Kiingereza hakiniumi."

Zolile alimgeuzia lile jicho la kushoto. Midomo yake ilitafuta maneno, ikayapata, ikayaacha, ikayarudia, kama mzee anayeshuka ngazi asiyoiona vizuri.

"Hukuona?" alisema hatimaye, kwa Kiswahili. "Eva. Miaka mitatu naisugua kwa sarafu. Kwa sarafu! Hukuona?"

"Niliona."

"Hukujiuliza kwa nini? Mtu mzima, seremala, ana msasa boksi zima, anasugua kwa senti tano. Hukujiuliza?"

"Nilisema hujui kusugua."

"Hujui kusugua!" Alipiga meza, si kwa nguvu. "Yule mzee wa karakana angekukata masikio. Kitu cha zamani hakioshwi kama chungu cha ugali! Ningekwambia. Ungeniuliza ningekwambia. Kwani ulitaka nini, Eva? Niambie. Ulitaka nini na bunduki yangu?"

Evarista alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, unga wa mchele kwenye vidole.

"Bunduki sikuitaka," alisema. "Isafike, isisafike, mimi nina nini nayo. Nimekaa pale nje, Baba Lerato, kwenye kiti kile. Nakusikia unaiambia pole. Unaiambia geuka, unaiuliza nimekuumiza? Mimi nimeungua mkono mwaka juzi na mafuta ya sambusa, ukaniambia sorry. Nilitaka jicho lako likifunguka uione inang'aa, useme nani kafanya hivi, nami niseme ni mimi, halafu unipishe kiti nikae hapo. Nilitaka uniite ndani. Uniambie, Eva, njoo ushike hapa."